KUFULI TATU ZA SANDUKU, NA ULINZI WA KIJIJI CHETU
Maneno ya Mwenyekiti wa Kikundi siku ya kutimiza miaka kumi



Kamati ya maandalizi ilitutaka tuzungumze juu ya maendeleo ya kikundi tangu tulipoanza mwaka 2015. Hayo ya hisa, mikopo na faida atayasoma mtunza hazina, maana ndiye anayeyajua mpaka shilingi ya mwisho, na vitabu viko mezani, anayetaka kufunua afunue. Sisi tumeomba nafasi hii tuzungumze ulinzi. Najua wapo walioshangaa. Mzee mmoja alituuliza juzi pale kisimani, akina mama wa kuweka na kukopa mna habari gani na ulinzi, si mwaachie wanaume wenye pinde?

Tunayo habari nyingi tu. Fedha ya mwanamke wa huku ina safari ndefu kabla haijaingia sandukuni. Mwenzetu anayepika machimboni anaamka saa tisa usiku, anawasha moto, saa kumi na moja yuko njiani na ndoo ya uji kichwani, maana vijana wa maduara wanashuka chini mapema. Anayeuza mchele anatoka mnadani jioni na fedha amezifunga kwenye pindo la kanga. Wengine wanakesha na mpunga uwanjani wakati wa mavuno. Halafu kuna siku ya kugawana, mara moja kwa mwaka, ambayo kijiji kizima kinaijua, na hata wasio wa kijiji wanaijua. Kikundi kisicho na usalama hakiweki akiba, kinawawekea wezi.

Ndiyo maana tangu mwanzo sanduku letu lina kufuli tatu. Wageni wetu wengine hawaujui utaratibu huu, basi tuueleze kidogo. Funguo wanashika wanawake watatu wa vitongoji vitatu. Sanduku lenyewe linalala kwa wa nne, asiye na ufunguo hata mmoja. Halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo na wanachama wamekaa duara wanaona. Fedha inahesabiwa kwa sauti, mara mbili, kisha inaandikwa. Si kwamba hatuaminiani. Tunaaminiana sana. Ila hatutaki kumjaribu mtu. Na siku hizi kwa kuwa fedha zimekuwa nyingi kidogo, kiasi kikubwa kinakwenda benki kwa wakala, na kwenye sanduku kinabaki cha kukopeshana tu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 nayo imetutaka tujiandikishe, nasi tumejiandikisha.

Sasa basi. Tunataka kuwaambia kwamba kijiji nacho kina sanduku lake, na ndani yake hakuna fedha, mna uwezo wa kumkamata mtu. Huo ni uwezo mkubwa kuliko fedha. Tunauliza: sanduku hilo lina kufuli ngapi?

Hebu turudi nyuma, maana vijana wengi hapa walizaliwa juzi. Sisi tuliozaliwa miaka ya sabini tulikulia katika hofu ya aina mbili. Ya kwanza ni mauaji ya vikongwe. Akina bibi zetu walikatwa mapanga usiku kwa kuitwa wachawi. Wataalamu waliokusanya hesabu za serikali waliandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa mambo ya uchawi, na kati yao wanawake walikuwa 2,286. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilikuwa huku kwetu Usukumani, mikoa ya Mwanza na Shinyanga kama ilivyokuwa wakati ule. Huyo mwenye macho mekundu aliyeitwa mchawi, macho yake yaliwekundishwa na moshi. Mwanamke aliyepika miaka arobaini kwa kuni na kwa samadi ya ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, mlitaka macho yake yawe ya rangi gani?

Serikali ilijaribu. Mwaka 1976 ikafanyika operesheni kubwa ya kuwasaka wauaji katika mikoa hii miwili. Watu wengi wakakamatwa, na baadhi yao wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa waliowakamata. Jambo hilo lilipojulikana, Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977, ingawa si yeye aliyemgusa mtu. Wakuu wa mikoa nao waliwajibika. Baadaye mzee huyo akaja kuwa Rais wetu kuanzia 1985 hadi 1995, Mungu amrehemu. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ni la hapa hapa Shinyanga, na kwa sababu watu hulikumbuka kama habari ya waziri tu. Sisi tunalikumbuka kama habari ya mahabusu. Walikwenda kulinda bibi zetu, wakaishia kuua watoto wa bibi hao hao, maana uwezo wa kukamata ulikuwa ndani ya vyumba vilivyofungwa na hakuna aliyekuwa akihesabu kwa sauti.

Hofu ya pili ilikuwa wizi wa ng'ombe na ujambazi wa bunduki. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979 silaha zilizagaa. Ng'ombe walikuwa wanaswagwa usiku, zizi zima, na mwenye nyumba akitoka anapigwa risasi. Polisi walikuwa mbali, na wananchi wakasema hata wakikamata mwizi wanakutana naye mnadani wiki inayofuata. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwenye 1981 na 1982, vikaanza vikundi vya sungusungu upande huu wa Kahama na huko Unyamwezini, vikaenea kijiji hadi kijiji kama moto wa kiangazi. Wengine waliviita Wasalama. Jina la sungusungu mnalijua, ni wale siafu weusi wanaouma. Mmoja humsukuma kwa kidole, wakija wote utahama nyumba.

Tulikuwa shule ya msingi wakati huo. Tunakumbuka wanaume wakienda porini kuapishwa, wakirudi na pinde, mishale na filimbi, wakiimba. Mtemi alichaguliwa, na katibu, na makamanda. Yowe likipigwa, lile tunaloliita mwano, kila anayelisikia alipaswa kulipokea na kulipeleka mbele, na kukimbia kwenda kuziba njia. Asiyetoka alitozwa faini. Nyayo za ng'ombe zilifuatwa kijiji kwa kijiji. Aliyekaidi alitengwa: hapewi moto, hapewi maji, hakuna wa kumzikia. Jamani, wizi ulipungua! Tusiwe wachoyo wa kusema kweli. Watu walilala milango wazi, na ng'ombe wakarudi kuwa mali badala ya kuwa balaa. Kitu kingine ambacho hakisemwi sana ni kwamba katika vijiji vingine wanawake nao walikuwa na viongozi wao ndani ya sungusungu. Kwa hiyo mzee wangu wa kisimani, hili la wanawake hatukuliokota semina.

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo, sungusungu wakapewa uwezo wa kumkamata mtu kama alionao askari polisi wa kawaida. Ndugu Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1990 akahimiza ulinzi wa namna hiyo hadi mijini, hata Dar es Salaam. Kitu cha Usukumani kikawa cha taifa. Tulijivuna.

Lakini uwezo uliotolewa na sheria ulikuwa wa kukamata na kupeleka mbele. Haukuwa wa kuhukumu. Hapo ndipo watu wengi wamechanganya, tena kwa makusudi. Mtu anakamatwa saa mbili usiku, saa tatu amepigwa, saa nne ametozwa ng'ombe wawili, asubuhi hakuna mahali palipoandikwa jina lake wala kosa lake wala ng'ombe wamekwenda wapi. Hapa kijijini kwetu kwa miaka mingi faini zimekusanywa na hatujawahi kusomewa. Hatusemi zimeliwa. Tunasema hatujasomewa. Mwanachama wa kikundi chetu akichelewa kikao anatozwa shilingi mia tano, na hiyo mia tano ina mstari wake kwenye kitabu. Ng'ombe mzima hana mstari?

Tena tuangalie ni nani anayekamatwa. Mwanaume akimpiga mkewe mpaka akavunjika mkono, wanasema ni mambo ya ndani, wamalizane. Mke akikimbilia kwa wazazi wake na kilo kumi za mpunga alizolima mwenyewe, filimbi inalia. Na mbaya kuliko yote ni pale ulinzi unapopokea maneno ya mganga. Mwezi Julai 2017, wilayani Nzega, jirani zetu kabisa, wanawake watano waliuawa na miili yao ikachomwa moto kwa tuhuma za uchawi, na watu kadhaa wakafikishwa mahakamani. Ilisemwa sana wakati ule kwamba walinzi wa jadi walikuwamo. Sisi tuliposikia, tulihairisha kikao cha hisa siku ile, tukakaa tu.

Na kabla ya hapo mnakumbuka ndugu zetu wenye ualbino, kuanzia 2007 na kuendelea. Shinyanga, Mwanza na upande huu wa Geita tulipata aibu dunia nzima. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akafuta leseni za waganga wa jadi Januari 2009, na Machi mwaka huo wananchi wakapiga kura za siri kutaja wanaowashuku. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto wa kiume wa wilaya ya Bukombe. Watoto wengine ikabidi wakalelewe kituoni Buhangija, pale Shinyanga mjini, mbali na mama zao. Mtoto anatolewa kwenye kijiji chenye walinzi mia na pinde mia ili awe salama. Hilo linatuuma mpaka leo.

Sasa tueleze jambo la hapa hapa, ambalo wengine wenu mlilisikia vipande vipande. Jina la mwenzetu hatulitaji, ingawa ameturuhusu tuseme.

Miaka minne iliyopita alikuwapo mwanachama wetu, mjane, ana zaidi ya miaka sitini, macho yake ndiyo hayo ya kuni. Mtoto wa nyumba ya jirani aliugua homa akafariki. Akaitwa mganga kutoka mbali, akapiga ramli, akasema adui yuko upande linakochwa jua, ni mwanamke, macho yake ni kama ya moto. Kwa maneno mengine alitaja nyumba bila kutaja jina. Siku ya pili mwanachama wetu mwingine akiwa bombani akasikia vijana wanaulizana nani ana panga lenye makali.

Tulikutana jioni ile, bila ajenda. Mmoja akasema tupige yowe. Tukamkatalia. Yowe zuri sana kwa ng'ombe, lakini yowe haliulizi nani ameonewa. Linaita watu wote, hata wenye mapanga, na giza linapoingia atakayepaza sauti kubwa ndiye mwenye haki. Mmewaona wanaochomwa kwa kelele ya "mwizi" pale mnadani, baadaye ndugu wanakuja wanasema alikuwa mgonjwa wa akili. Basi tukampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, tukamtumia ujumbe mtendaji, na wanawake kumi na mmoja tukachukua mikeka, mablanketi na sufuria, tukaenda kulala kwenye ua wa yule mama. Tukawasha moto mkubwa. Tukaimba nyimbo za kanisani, zilipokwisha tukaimba za kupalilia pamba.

Kwenye saa sita hivi wakaja. Walikuwa vijana wanane au tisa, wana tochi. Walitegemea kumkuta bibi mmoja amelala, wakakuta mama zao, shangazi zao na mama lishe wanaowadai. Hakuna aliyenyanyuka. Mwenzetu mmoja akamulika, akamtambua mwanawe wa kumzaa. Akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamtuma chumvi: "Wewe, na hilo panga unakwenda kukata nini usiku huu? Kuni tunazo." Wakasimama. Mmoja akacheka, unajua kicheko cha kukosa la kufanya. Wakaondoka.

Tulilala pale usiku kumi na tisa, kwa zamu. Zamu hizo tuliziandika nyuma ya kitabu cha hisa, na kurasa hizo mtazikuta pale mezani, jina kwa jina. Usiku wa nne kamanda mmoja wa sungusungu, mzee mtu mzima, alikuja na wenzake wawili, wakasalimia, wakakaa langoni mpaka asubuhi bila kusema neno, na kesho yake tena. Baba, upo hapa, na hatutakutaja usije ukaona haya, lakini tunakushukuru mbele ya watu. Polisi walipofika mganga alikuwa ameshapanda gari. Na jambo lilipokuja kuzungumzwa mchana, watu wamekaa kitako, ikaonekana kwamba kuna ndugu wa marehemu mume wake aliyekuwa analitaka jaruba lake la mpunga tangu msiba wa mumewe. Huyo ndiye aliyelipa nauli ya mganga.

Mnaona mambo yanavyokwenda? Kifo cha mtoto kilikuwa homa. Uchawi ulikuwa shamba. Tangu siku hiyo, kikundi chetu kikisikia mjane ametajwa uchawi, swali la kwanza tunauliza ana ardhi kiasi gani. Ndiyo maana tumetumia mfuko wetu wa jamii kuwasaidia wajane saba kufuatilia hati za kimila za mashamba yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini haki hiyo bila karatasi mkononi huwa inapotea kati ya msiba na arobaini. Na kumtaja mtu kuwa mchawi, kumtangaza hivyo mbele za watu, ni kosa kwa Sheria ya Uchawi, sheria ya tangu wakati wa Mwingereza. Ramli chonganishi si ulinzi, ni jinai.

Yapo na mabadiliko ya eneo letu. Sungusungu ilijengwa juu ya kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake na baba yake na ng'ombe wake. Sasa sisi tupo njia panda ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza mwaka 2000, wa Bulyanhulu ukafuata 2001, na wachimbaji wadogo wapo kila mahali penye mwamba. Mwaka 2012 mkoa wa Geita ukaanzishwa, tukajikuta mpakani. Ikitokea rashi, wiki mbili tu porini panaota mji: makarasha, mialo, maturubai, gongo, disko. Vijana wanatoka mikoa yote, na hakuna anayetumia jina lake, ni Mandevu, Kobra, Mzee wa Kazi. Rashi ikiisha wanahama usiku, na wengine wanaacha mabinti wetu na mimba. Kamanda wa sungusungu akikutana na kijana wa namna hiyo njiani, atamtambuaje? Atamuuliza ntemi wake nani?

Anayemjua ni mama lishe. Yeye ndiye daftari la machimbo. Anajua nani kalipa na nani kakopa, nani amekuja na nani, nani jana alikuwa hana hata mia na leo ananunulia watu soda. Anajua binti gani mdogo ameletwa kwenye kibanda gani. Lakini mama lishe huyo huyo akienda kutoa taarifa, anaulizwa wewe ulikuwa unafanya nini huko. Mara nyingine ameambiwa gari halina mafuta. Na mara nyingine, hili tunalisema kwa upole, taarifa aliyoitoa asubuhi mtuhumiwa anamrudishia jioni neno kwa neno. Baada ya hapo nani atasema?

Polisi jamii ilipoanza mwaka 2006, IGP Said Mwema aliposhika Jeshi la Polisi, tulielezwa kwamba polisi na raia watakuwa kitu kimoja. Ni jambo jema na limesaidia. Kuwepo kwa mkaguzi wa kata kumesaidia zaidi, maana sasa tuna mtu wa kumfahamu kwa sura, na dawati la jinsia na watoto limewafungulia mlango waliokuwa wanaona aibu. Namba 112 ya polisi na 116 ya mtoto tumeziandika kwa rangi ukutani pale tunapofanyia vikao. Lakini ulinzi wa usiku, saa nane, mvua inanyesha, bado ni wetu wenyewe.

Kwa hiyo tunaomba, na tunaomba kwa heshima, maana wazee wa sungusungu ni baba zetu na waume zetu na hatukuja kuwavua nguo. Tunaomba ulinzi uwe na kitabu. Kila anayekamatwa aandikwe jina, saa, kosa, nani kamkamata, na kapelekwa wapi na saa ngapi. Faini itolewe risiti na isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, kama tunavyosomeana sisi. Tunaomba kufuli ziwe tatu: asiamue kamanda peke yake, awepo mjumbe wa serikali ya kijiji, na awepo mwanamke. Wakikosekana wawili, mtu asiguswe, asubiri asubuhi apelekwe polisi. Asubuhi haiko mbali. Na neno la mganga lisipokelewe kwenye kikao cha ulinzi hata kama mganga huyo ni mjomba wa mtu.

Katika Kamati ya Ulinzi na Usalama ya kijiji tunaomba nafasi za wanawake zijazwe na wanawake wanaofanya kazi, si kujaza karatasi. Sheria inataka robo ya Halmashauri ya Kijiji iwe wanawake, na uchaguzi wa Novemba 2024 umetuletea wajumbe, tunawapongeza. Lakini wajumbe hao wote wamepelekwa kwenye huduma za jamii, kuhesabu madawati ya shule. Hata mmoja hayuko kwenye ulinzi. Wapo wanaosema mwanamke atawezaje doria. Ndugu zetu, usiku kumi na tisa tulilala nje. Umande tunaujua.

Wengine watauliza mbona tunaongeza kitabu juu ya vitabu, mwizi atakuwa amefika Runzewe wakati ninyi bado mnaandika. Hoja hiyo ina uzito, hatuidharau. Kukimbiza mwizi hakusubiri kalamu, kimbizeni. Tunachosema ni baada ya kumkamata, akiwa ameshakaa chini. Hapo hakuna haraka yoyote, ila haraka ya hasira.

Na kwa kuwa hatukuja mikono mitupu, kikundi kimenunua kaunta buku mbili ngumu, vitabu viwili vya risiti, filimbi ishirini na tochi sita za kuchaji kwa jua. Fedha zimetoka mfuko wa jamii, kikao kilikubali, muhtasari upo. Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji atavipokea baada ya hotuba ya Mgeni Rasmi, na tunaomba asaini kuvipokea.

Mkutano mkuu wa kijiji ni mwezi ujao. Ombi letu tumeliandika, limesainiwa na wanachama wote, wasiojua kuandika wameweka dole gumba, na nakala amepewa Mtendaji. Wanachama, siku hiyo msiende shamba.

Sasa tunawaomba wenye funguo watatu waje mbele na sanduku liletwe, ili mtunza hazina aanze.